Usizime pampu mapema

Ndugu yangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa kazi mpya. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ghorofa 20 juu, tatu za maegesho chini, na mwenye jengo anataka shimo lianze kuchimbwa wakati uchorongaji wa udongo, yaani kutoboa mashimo ya kuupima, haujakwisha. Nakuomba usikubali.

Uzito wa mnara haunitishi, una paili zake, zile nguzo zinazozamishwa ardhini kuubeba. Hofu yangu ni maji ya ardhini. Tuseme shimo lina kina cha mita 10 na maji hayo yapo mita 3 tu kutoka juu. Sakafu ya mwisho itasukumwa kwenda juu kwa nguvu ya tani 7 hivi kila mita ya mraba, ilhali zege la unene wa mita moja halizidi tani 2.5. Piga hesabu mwenyewe. Mnara ukishapanda utalikandamiza sanduku hilo la maegesho, lakini kabla ya hapo ni kama mtumbwi, kwa hiyo pampu za kuvuta maji ya ardhini zisizimwe. Na ile sehemu ya maegesho inayotokeza nje ya mnara haitapata uzito huo kamwe; hiyo itataka paili za kuivuta chini.

Nimewahi kuingia kwenye maegesho asubuhi baada ya pampu kuzimwa usiku. Sakafu ilikuwa imevimba katikati, ufa unatoa maji, na kandokando yake vichuguu vidogo vya mchanga laini. Maji matupu ningeyavumilia. Mchanga ule ulinitoa jasho, maana kila konzi yake ilitoka chini ya msingi wa mtu.

Kina cha maji msikipime mara moja tu wakati wa kiangazi. Acheni mabomba ya kupimia kwenye mashimo ya uchorongaji, msome hadi mvua zipite. Nyufa za majirani zipigwe picha kabla ya jembe la kwanza.

Udongo mnaochimba nao usirundikwe kando. Shanghai, Juni 2009, jengo la ghorofa 13 lilianguka zima zima: upande mmoja shimo la maegesho la mita 4.6, upande wa pili rundo la udongo la karibu mita 10. Paili zilikatika, mfanyakazi mmoja akafa.

Nitumie taarifa za uchorongaji zilizopo, hata kama ni za mashimo mawili. Nitazisoma usiku huohuo.

Wako daima.