Barua ya malalamiko kuhusu mazoezi ya darasani yanayoharibika yanapochapishwa kutoka kwenye tovuti

Mwalimu wa Hisabati na Kiswahili,
Darasa la Tano,
Morogoro.

Mkurugenzi,
Kampuni inayoendesha tovuti ya mazoezi ya darasani,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KITUFE CHA "CHAPISHA" NA KARATASI ZISIZOFAA KUGAWIWA WANAFUNZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na shule yetu ni mteja wenu wa kifurushi cha mwaka. Nalalamikia kitufe cha "Chapisha" kilichopo juu ya kila zoezi katika tovuti yenu, ambacho tangazo lenu linakitaja miongoni mwa faida za kulipia, kwa maelezo kwamba mwalimu atapata karatasi iliyo tayari kugawiwa darasani. Karatasi inayotoka haiko tayari kugawiwa. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sina ugomvi na maswali yenyewe. Yametungwa kwa ustadi, yanafuata muhtasari wa somo, na hiyo ndiyo sababu bado nahangaika nayo badala ya kurudi kwenye ubao na chaki. Ninacholalamikia ni kwamba zoezi zuri, likishabonyezwa "Chapisha", hufika kwenye karatasi likiwa limepoteza jambo lilelile ambalo mwanafunzi anaulizwa.

Nianze na mfano ulioniudhi kuliko mingine. Katika mazoezi yenu ya sehemu kuna miduara na mistatili iliyogawanywa katika vipande vilivyo sawa, baadhi ya vipande vimetiwa kivuli cha bluu, na mwanafunzi anaulizwa: "Ni sehemu gani ya umbo iliyotiwa kivuli?" Kwenye skrini kila kitu kinaonekana sawasawa. Kwenye karatasi kivuli hakipo kabisa. Umebaki mduara mweupe wenye mistari minane, na chini yake swali linalouliza habari za kivuli. Watoto wengi waliandika sifuri, na kwa karatasi waliyopewa hilo ndilo jibu sahihi, ingawa orodha yenu ya majibu inasema 3/8.

Chanzo chake si fumbo. Vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, kwa kawaida havichapishi rangi za usuli (zile zinazowekwa nyuma ya maandishi na michoro), ili kuokoa wino, mpaka mtumiaji aruhusu mwenyewe katika mipangilio ya uchapishaji. Nanyi mmekiweka kivuli kama rangi ya usuli. Ugonjwa huohuo umeula mstari unaotenganisha kiasi na asili. Robo tatu inatoka ikiwa na 3 juu na 4 chini, bila kitu chochote katikati, na wapo wanafunzi walioichukulia kuwa ni hesabu ya kujumlisha kwa wima, wakaandika 7. Siwalaumu hata kidogo.

Najua mtaniambia niweke alama kwenye kisanduku cha rangi za usuli. Kisanduku hicho kipo kwenye kompyuta, lakini wengi wetu tunayafungua mazoezi kwenye vishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa walimu, na huko mipangilio hiyo huwa imefichwa au haipo. Mara nyingi kazi yenyewe huchapishwa steshenari, na kijana wa steshenari mwenye foleni ya wateja hawezi kuombwa apekue mipangilio ya kivinjari kwa ajili ya kila zoezi. Hata akipekua, printa yake ni ya wino mweusi, kwa hiyo bluu na kijani zote hutoka kijivu kilekile, na swali linaloagiza "hesabu vipande vya kijani" linakufa kifo cha pili. Kivuli cha mistari ya mshazari, ambacho vitabu vya Hisabati vimekitumia miaka yote, kingelimaliza tatizo lote bila mtu yeyote kugusa mipangilio.

Jambo la pili ni zito zaidi kwa sababu halionekani kwa macho. Faili za PDF mnazozitoa zimepangwa kwa karatasi ya Letter inayotumika Marekani, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279. Karatasi inayouzwa katika kila duka la hapa kwetu ni A4, yaani milimita 210 kwa 297. Printa ikiagizwa kuutosheleza ukurasa huo ndani ya A4, huupunguza hadi takriban asilimia 97 ya ukubwa wake. Kwa barua ya kawaida upungufu huo hauna madhara. Kwa zoezi la vipimo unaharibu kila jibu. Mstari AB ambao nyinyi mnasema una sentimita 8 unatoka ukiwa na sentimita 7 na milimita 8. Mwanafunzi anayelaza rula yake kwa uangalifu, akaanzia kwenye sifuri na si kwenye ncha ya rula kama tulivyomfundisha, anapata jibu ambalo mwongozo wenu unalihesabu kuwa kosa, huku mwenzake aliyekadiria tu kwa macho akaandika 8 akipewa vema. Katika ukurasa huohuo mmechora picha ya rula pembeni mwa mstari, nayo imepungua pamoja na mstari, kwa hiyo ukisoma kwa rula ya picha unapata 8 na ukisoma kwa rula ya plastiki unapata 7.8. Msichana mmoja aliniletea rula zake mbili akaniuliza ipi mbovu. Pembe, kwa bahati nzuri, hazibadiliki ukurasa unapopunguzwa, kwa hiyo mazoezi ya kipimapembe yalisalimika.

Kuhusu mazoezi ya Kiswahili, nitazungumzia maswali ya kuoanisha peke yake. Kwenye kompyuta, Fungu A lipo kushoto na Fungu B kulia, kama inavyopaswa. Kwenye karatasi, Fungu B linashuka chini ya Fungu A, na mara nyingi linaangukia ukurasa wa pili. Mwanafunzi anayetakiwa kuunganisha methali na maana yake inabidi ageuze karatasi mbele na nyuma kwa kila swali, na kuchora mstari wa kuunganisha hakuwezekani tena. Mwalimu mwenzangu wa TEHAMA aliuchunguza ukurasa wenu akanieleza kwamba tovuti imeagizwa kubadili mpangilio kuwa wa simu pale upana wa ukurasa unapokuwa chini ya pikseli 768 (pikseli ni zile nukta ndogo zinazounda picha ya skrini). A4 ikishaondolewa pambizo hubaki na upana wa pikseli kama 720 hivi kwa hesabu za kivinjari, kwa hiyo tovuti yenu inaidhania karatasi kuwa ni simu. Yaani mmeandaa mpangilio wa kompyuta na mpangilio wa simu, na karatasi mkaiacha ijitafutie mahali pa kujibanza.

Kasoro nyingine nazitaja kwa ufupi. Kifungu cha ufahamu kilichowekwa ndani ya kisanduku cha kutelezesha hutoka kile kipande tu kilichokuwa kikionekana kwenye skrini, na kinachobaki hakichapishwi, ilhali maswali ya mwisho yanauliza habari za aya ambazo hazipo. Maswali ya kuchagua hutoka na kisanduku kilichoandikwa "Chagua jibu" bila chaguo hata moja. Utepe wa juu wenye nembo yenu hujirudia katika kila ukurasa na kufunika swali la kwanza la ukurasa huo. Tangazo la kuomba ridhaa ya vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kifaa cha mtumiaji, nalo huchapishwa, likiwa na kitufe chake cha "Nakubali", ambacho watoto kadhaa walikizungushia duara.

Nililifikisha suala hili kwa wahudumu wenu, nao walinijibu kwa adabu, ila majibu yao hayakusaidia. La kwanza lilinishauri nipige picha ya skrini kisha niibandike kwenye Word. Picha ya skrini ikichapishwa kwa ukubwa wa karatasi nzima hutoka na ukungu, na ikishatolewa kopi, hasa kwa mashine iliyochoka, nukta za desimali hupotea. La pili lilinishauri nipunguze ukubwa hadi asilimia 70 ili kila kitu kienee. Herufi zikipunguzwa kiasi hicho, watoto wawili wanaotumia karatasi moja kwenye dawati hawawezi kuisoma kwa pamoja, na kuhusu mazoezi ya vipimo sina haja ya kurudia niliyokwisha kuyasema. Jibu la mwisho lilisema kwamba tatizo ni la kivinjari na si la tovuti.

Dai hilo silikubali, na nisingependa lirudiwe katika majibu ya barua hii. Lugha ya CSS, inayotumika kupanga mwonekano wa kurasa za intaneti, imekuwa na kanuni maalumu za karatasi tangu toleo lake la pili la mwaka 1998. Kwa kanuni hizo, na zilizoongezwa baadaye, mtengenezaji anaweza kuagiza kwamba ukurasa unapochapishwa utepe wa juu ufichwe, swali lisikatwe katikati, kisanduku cha kutelezesha kifunguke chote, safu mbili zibaki mbili, na ukubwa wa karatasi uwe A4. Kivinjari hutii kinachoagizwa. Kwa kurasa zenu hakikuagizwa chochote, na ushahidi wa wazi ni kwamba utepe, tangazo la vidakuzi na vitufe vyote vinatoka kwenye karatasi. Mtu yeyote katika ofisi yenu angebonyeza kitufe chenu cha "Chapisha" na kuitazama karatasi inayotoka, angeyaona haya yote kabla ya chai ya saa nne.

Pengine kwenu karatasi inaonekana kama jambo la ziada, kwa sababu mnatarajia kila mwanafunzi afanyie zoezi kwenye kifaa. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya sabini na hakuna kifaa hata kimoja cha mwanafunzi. Mitihani yao ya taifa wanaifanyia kwenye karatasi. Na karatasi hiyo inalipiwa: zoezi ambalo lingetosha kurasa mbili hutoka katika kurasa nne, ya mwisho ikiwa na anwani ya tovuti yenu peke yake, na likitolewa kopi kwa kila mwanafunzi zinapotea kurasa zaidi ya 140 kwa zoezi moja. Mwalimu wa taaluma ameshaniuliza kwa nini rimu za darasa langu zinakwisha upesi kuliko za wengine, na sioni kwa nini nimjibu mimi badala yenu.

Kwa hiyo naomba kampuni iandae mpangilio wa kuchapisha wa mazoezi yote yaliyomo katika kifurushi tulicholipia, uliopangwa kwa A4 na kujaribiwa kwenye printa halisi ya wino mweusi, mkianza na mazoezi ya sehemu na ya vipimo kwa kuwa hayo ndiyo yanayompa mwanafunzi alama isiyo yake. Katika kila zoezi la vipimo wekeni mstari wa ukaguzi wa sentimita 10, ili mwalimu aweze kuulinganisha na rula yake kabla ya kutoa kopi. Wakati kazi hiyo ikiendelea, ondoeni katika tangazo lenu maneno yanayosema kwamba karatasi ziko tayari kugawiwa, na kwenye mazoezi yenye kasoro wekeni onyo linaloonekana kabla mtu hajabonyeza. Mwisho, naomba muda wa kifurushi chetu uongezwe kufidia muhula ambao huduma hii haikutumika ipasavyo. Endapo marekebisho hayatakuwa yamefanyika kabla ya muhula wa pili kuanza mwezi Julai, shule itaomba kurudishiwa sehemu ya ada iliyobaki.

Nimeambatisha karatasi tano zilizochapishwa kutoka kwenye tovuti yenu, kila moja ikiwa na alama ya kalamu nyekundu mahali palipoharibika, pamoja na jina la zoezi na aina ya kivinjari kilichotumika. Mtu wenu wa ufundi akihitaji nyingine, au akitaka kuona mpangilio mpya unavyotoka kwenye mashine za huku kabla hamjautangaza, niko tayari kumsaidia baada ya saa za vipindi. Nasubiri majibu ya maandishi kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua, na si ujumbe mwingine wa kunifundisha kupiga picha ya skrini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

(Sahihi)
Mwalimu wa Hisabati na Kiswahili, Darasa la Tano

Nakala: Mwalimu Mkuu
Nakala: Mwalimu wa Taaluma