Gyges, guka na anko

Morogoro, Jumapili jioni

Mpendwa Wanjiru,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri na mguu wake, na amenisisitiza nikwambie kwamba yale majani ya chai uliyotuletea bado tunayanywa.

Swali lako limenifurahisha kweli. Umesikia kwamba jina la Gyges, mfalme wa Lidia, asili yake ni “babu”, na kwamba Walidia wenyewe walilitamka Kukas. Ukaniuliza: je, hilo si guka wetu, yaani “babu” kwa Kikuyu? Nakujibu moja kwa moja: hapana, hayo si maneno ya ukoo mmoja. Lakini Kiswahili cha mjini kina neno ambalo kweli ni la ukoo wa Kukas, nawe unaitwa kwalo au unawaita watu kwalo kila upandapo gari. Nitalifikia, nivumilie kidogo.

Lidia ilikuwa magharibi mwa nchi tunayoiita leo Uturuki, na mji wake mkuu ni Sardi, ile ile ya kitabu cha Ufunuo. Gyges alitwaa ufalme mnamo mwaka 680 K.K. hivi, baada ya kumuua Kandaules, mfalme aliyemtangulia. Kisa chake kwa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, unakijua: mfalme anamsifu mkewe kupita kiasi, anamficha mlinzi wake Gyges chumbani ili ajionee mwenyewe, na malkia anapogundua anampa mlinzi yule achague, aue au auawe. Mimi hunivutia zaidi kumbukumbu za Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru. Humo ametajwa “Gugu, mfalme wa Luddu”, na imeandikwa kwamba mjumbe wake alipofika kwa mfalme, hakupatikana hata mtu mmoja wa kufasiri lugha yake. Hebu fikiria, Wanjiru: dola iliyotawala watu wa ndimi chungu nzima, na mbele yake amesimama mtu anayesema maneno yasiyoshikika.

Leo lugha hiyo tunaishika angalau kidogo. Jiwe la lugha mbili, Kilidia na Kiaramu, lilifukuliwa Sardi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916 mtaalamu Enno Littmann akalitumia kufungua maandishi ya Kilidia. Ndiyo maana tunaweza kusoma sarafu ndogo za Lidia, za mchanganyiko wa dhahabu na fedha, zenye kichwa cha simba. Baadhi zimeandikwa kukalim. Ipasue: kuka ni jina, l inaonyesha umiliki, na im ni “mimi ni”. Sarafu yenyewe inasema, “Mimi ni wa Kukas.” Ni sarafu za baada ya zama za Gyges yule wa Herodotus, kwa hiyo sisemi ni yeye aliyezipiga, lakini jina ni hilo hilo.

Sasa ukoo wake. Wahiti, waliotawala Anatolia, yaani Uturuki ya leo, karne nyingi kabla ya Gyges, walimwita babu huhha. Watu wa Likia, kusini mwa Lidia, waliandika xuga, x hiyo ikisomwa kama kh. Warumi walisema avus, Waarmenia haw. Kwa macho tu, huhha na avus havifanani hata kidogo, na hapo ndipo penye utamu. Mwaka 1879 kijana wa Geneva, Ferdinand de Saussure, alitoa hoja kwamba lugha mama ya Kilatini, Kigiriki na Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ilikuwa na sauti fulani zilizokwisha kupotea zote. Hakuwa na andiko lolote la kuzionyesha; alizikokotoa kutokana na jinsi irabu zilivyobadilika katika lugha zilizobaki. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný akaonyesha kwamba Kihiti ni cha jamii hiyo hiyo, na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba h ya Kihiti imekaa pale pale Saussure alipozitarajia sauti zake. Huhha mbele ya avus. Hant, “paji la uso”, mbele ya ante ya Kilatini, yaani “mbele, kabla”. Saussure alikuwa amefariki mwaka 1913. Kila nikifikiri kwamba hakuiona siku hiyo, naumia.

Ila Kukas ana tatizo lake. Kilidia chenyewe kwa kawaida kiliidondosha h hiyo: mzao kwa Kihiti ni hassa, kwa Kilidia ni eśa, bila kitu mwanzoni. Basi k ya Kukas imetoka wapi? Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni kwamba jina liliingia kutoka kwa majirani walioihifadhi sauti ile na kuikaza, hasa Wakaria wa kusini mwa Lidia, ambao walikuwa na jina Quq. Na Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba Gyges alipigania ufalme akisaidiwa na Arselis wa Mylasa, mji wa Wakaria. Mtu mwenye jina la kijirani na jeshi la kijirani. Mimi hilo linaniingia akilini.

Turudi kwa guka. Lugha yako ina kanuni: k ikifuatwa na silabi inayoanza na sauti kavu kama k au t, inalegea na kuwa g. Ndiyo maana sisi tunasema Kikuyu nanyi mnasema Gĩkũyũ. Kwa hiyo guka nalo lilianza kama kuka. Najua hapo utaruka! Linazidi kufanana na la Kilidia. Lakini kufanana hakutoshi. Huhha na avus havifanani na ni ndugu, kwa sababu mabadiliko yale yale yanajirudia neno baada ya neno. Kati ya Kilidia na lugha za Kibantu hakuna mfululizo wa namna hiyo. Kuna neno moja fupi la silabi mbili, tena la aina ambayo watoto wa kila mahali hulitamka kwa urahisi: baba, mama, kaka, kuka.

Ndugu halali wa Kukas ni anko. Warumi waligawa wajomba na baba wadogo kama sisi. Ndugu wa baba alikuwa patruus, na mjomba alikuwa avunculus, yaani “babu mdogo”, kutoka avus. Wafaransa wakalifupisha kuwa oncle, Waingereza wakalichukua kwao wakasema uncle, nasi tukalipokea. Konda anapokuita abiria wa nyuma, “Anko, sogea kidogo,” anatumia neno lenye mzizi mmoja na huhha wa Wahiti, na kama maelezo ya Wakaria ni sahihi, mzizi mmoja na jina la Gyges.

Umeniuliza pia kuhusu Kandaules. Hapo wataalamu wamegawanyika. Hipponax, mshairi wa Efeso wa karne ya 6 K.K., anamwita mungu Hermes “mnyonga mbwa, kwa Kimaeonia Kandaules”, Maeonia likiwa jina la kale la Lidia. Wengi wakailinganisha kan na canis, “mbwa” wa Kilatini, na daules na daviti, “kunyonga”, ya Kislavoni cha kale. Wengine wanaona ni cheo tu, hantawati, neno la “mfalme” katika Kiluwi, lugha ndugu ya Kihiti, lenye ile hant ya “mbele”. Mimi naegemea upande wa Hipponax, maana aliishi jirani na Walidia na aliwasikia kwa masikio yake. Na huko Sardi wachimbaji wamefukua vyungu vya karne hiyo vyenye mifupa ya vitoto vya mbwa, kila kimoja na kisu chake cha chuma, vimezikwa kwa utaratibu kama karamu ya mungu.

Nisalimie wazazi, waambie shikamoo zao nimezituma. Ukija Desemba, njoo na daftari lako la maneno ya Kikuyu tukae nalo kwa utulivu.

Wako daima,
Rehema