Hamu ya Nyumbani Msimpakulie Mtoto: Barua ya Wazi kwa Wazazi Vijana Wanaolea Ufaransa

Wanangu wapendwa,

Salamu nyingi, na poleni kwa shughuli za kila siku. Nawaandikia ninyi wazazi vijana mliotoka Mombasa, Tanga, Unguja, Nairobi, Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi, ambao leo mnalea watoto Paris na viunga vyake, Lyon, Marseille, Lille na kwingineko Ufaransa. Nchi hii nimeishi zaidi ya nusu ya umri wangu, wanangu nimewalea hapa, na siku hizi wajukuu hunijia kila Jumatano, siku ambayo shule nyingi za msingi huwa hazina masomo. Ninalotaka kuwaambia ni jambo moja. Hamu ya nyumbani ni yenu ninyi mliokuja mkiwa watu wazima; mtoto aliyezaliwa hapa hamu hiyo hanayo, na ni dhuluma kumtaka aibebe pamoja na sahani yake.

Nasema hivi kwa sababu kila tunapokutana kwenye harusi, matanga au sikukuu nawasikia mkilalamika mbele ya watoto wenyewe: "Huyu ugali hataki, keshakuwa Mfaransa." Mtoto wa miaka minne anayesukuma bamia pembeni ya sahani hajamkataa bibi yake wala hajaikana asili yake, amekataa bamia, basi, kama watoto wa Tanga na Bukavu wanavyozikataa vilevile. Lakini akishaambiwa kwamba kukataa kwake ni kuwa mtu wa taifa jingine, chakula kinageuka mtihani, na mtihani ule anaufeli kila siku mbele ya mama yake. Baada ya miaka michache hatakuwa na ugomvi na bamia tu, atakuwa na ugomvi na meza nzima.

Hebu tazameni anakula wapi. Tangu mwaka 2019 sheria ya Ufaransa inamtaka kila mtoto aanze kusomeshwa akiwa na miaka mitatu, na walio wengi husomea shuleni, na wengi wao hula kantini mchana karibu kila siku ya masomo. Huko anaanza na kachumbari au supu, kisha chakula chenyewe na mboga, kisha kipande cha jibini au mtindi, kisha tunda, na mkate na maji viko mezani muda wote. Saa kumi na nusu anapewa kitu kitamu cha alasiri anapotoka shuleni. Mtoto huyo ataijua ladha ya karoti zilizoparwa na za jibini la comté kabla ya kuijua ladha ya sombe, yaani majani ya mihogo, na hilo halina kosa la mtu. Shule imemzoesha pole pole, kwa kumwekea kidogo leo, kidogo juma lijalo, na kumwambia aonje kwanza kabla ya kusema hataki. Desturi hiyo ichukueni muitumie nyumbani. Kijiko kimoja cha mbaazi za nazi, aonje, na akisema hapana mzungumze mambo mengine. Juma lijalo kijiko kingine. Hakuna haja ya hotuba juu ya njaa wala ya kumtaja bibi aliyeko mbali.

Kuhusu kantini yenyewe nina neno, hasa kwa Waislamu miongoni mwenu na kwa wote wenye miiko ya chakula. Mambo ya kantini za shule za msingi yako mikononi mwa manispaa, si mwalimu. Mahakama ya juu ya utawala, Conseil d'État, iliamua mwezi Desemba 2020 kwamba manispaa haijalazimishwa kutoa chakula kingine badala ya nyama ya nguruwe, wala haijakatazwa kukitoa. Kwa hiyo mji na mji hutofautiana. Sheria ya mwaka 2018 juu ya kilimo na chakula ndiyo iliyoleta angalau mlo mmoja kwa juma usio na nyama wala samaki katika kantini za shule. Nendeni meri, ofisi ya manispaa, kabla muhula haujaanza, ulizeni wanatoa nini, kisha someni orodha ya vyakula inayobandikwa penye lango la shule. Lililo muhimu ni kwamba maneno hayo myamalize ninyi watu wazima. Msimwachie mtoto wa miaka sita kazi ya kuitetea dini yake mbele ya sahani.

Sasa nije kwenye chakula cha nchi hii, maana wapo kati yenu wanaoishi hapa miaka kumi wakikidharau bila kukijua. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mwaka 2022 ikaongeza ufundi na utamaduni wa mkate wa baguette. Mlo ule haukusifiwa kwa sababu ya anasa. Kilichotazamwa ni ile desturi ya kukusanyika kwa ajili ya ndoa, uzazi na sikukuu, kupanga meza, kuchagua vitu vizuri vya msimu, kula kwa utaratibu, na kuzungumzia kile kinacholiwa wakati kinaliwa. Sisi tuliokulia kwenye sinia moja, tukisubiri mkubwa aanze, na tukimsikiliza shangazi akisema mchele wa leo umechukua nazi vizuri kuliko wa jana, tunaielewa desturi hiyo bila kufundishwa. Ni watu wa supu ya dakika mbili mbele ya simu ndio wasioielewa, na hao wako kila nchi.

Basi nendeni sokoni na watoto wenu. Kila mji una soko lake la asubuhi, na muuza jibini aliye mwungwana hukata kijipande akakupa uonje kabla hujanunua. Mwacheni mtoto aulize yeye, kwa Kifaransa chake ambacho kwa kawaida ni kizuri kuliko chenu. Fuateni misimu: stroberi mwezi wa nne na wa tano, pichi na nyanya zilizoiva juani mwezi wa saba, tini na zabibu mwezi wa tisa, maboga mwezi wa kumi. Mkate mwombeni uitwao tradition, ambao kwa amri ya serikali ya mwaka 1993 hukandwa kwa unga wa ngano, maji, chumvi na hamira au chachu, bila viongezo vya kiwandani. Mtauona tofauti siku ileile mkiuchovya kwenye mchuzi wa samaki. Boga lile dogo jekundu, potimarron, halihitaji hata kumenywa. Likatwe vipande, lichemshwe kwa tui, sukari kidogo na iliki, na wale wa pwani watajua wenyewe nimewapeleka wapi. Adesi za kijani za Le Puy nazo zinakubali nazi vizuri sana.

Kupika cha kwetu ndiko kunakonishughulisha zaidi, kwa sababu naona wengi wenu mmekifanya chakula cha nyumbani kuwa ibada ya mwisho wa mwezi. Mnapanda metro hadi Château Rouge, Paris, mnapenya rue Dejean na mitaa ya karibu, au kwa walioko Marseille mnakwenda Noailles, mnarudi na mifuko mizito ya ndizi, mihogo, sombe na samaki, mnapika kuanzia asubuhi, kisha mnaketi na macho yamejaa machozi mkimtazama mtoto kama atakula. Mtoto gani atakula kwa amani anapotazamwa hivyo? Pikeni siku za kawaida, Jumanne jioni, vitu vya kawaida. Blettes, mboga za majani mapana, zikikatwa nyembamba na kukaangwa na kitunguu na nyanya zinatosha kabisa mahali pa sukuma wiki au mchicha, na zinauzwa kila soko. Unga wa ngano wenye alama T55, ulio katika kila duka, unatoa chapati laini. Tui la kopo msilidharau. Lile zito lililoganda juu liwekeni kando, mpikie kwanza lile jepesi, kisha zito litieni mwisho kwa moto mdogo mkikoroga bila kuacha, lisije likakatika. Na kabla ya kukaanga dagaa katika fleti ndogo, makoti yote yaliyotundikwa ukumbini yaingizeni chumbani na mlango ufungwe. Mtoto anayeambiwa darasani kwamba koti lake linanuka samaki hatasimulia nyumbani, ila hatataka dagaa tena, na ninyi hamtajua kwa nini.

Kisha mpeni kazi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukunja chapati. Msukumieni duara, mpakieni mafuta kwa kijiko, aizungushe iwe kamba, kisha aiviringe iwe kama konokono na kuuchomeka mkia chini. Ataibonyeza kwa kiganja, itatoka na pembe nne, na ataila hiyohiyo yenye pembe nne kabla ya zenu nzuri. Mtoto anayejua kukunja chapati hahitaji kuambiwa asili yake iko wapi, kwani mikono yake inaijua.

Hapo hapo niguse suala la kula kwa mkono. Nimesikia kwamba baadhi yenu, rafiki wa mtoto akija kutoka shuleni, huwaambia watoto wafiche mikono na kushika uma. Uma ni mzuri na wautumie vizuri, kwa adabu zote wanazofundishwa kantini. Mkono nao una adabu zake: kunawa kabla na baada, kutumia mkono wa kulia, kula upande wako, kufinyanga tonge dogo na kulibonyeza kwa kidole gumba lipate kishimo cha kuchukulia mchuzi. Mfundisheni mgeni mdogo naye, mbele ya mwanenu. Mtoto aliyeona mzazi wake akificha kitu hukiona kitu hicho ni cha aibu, hata kama hakuna neno lililosemwa.

Na hamu yenu je? Siichukulii kama jambo dogo. Mwezi wa Desemba Paris jua huzama karibu saa kumi na moja jioni, na mama aliyejifungua karibuni, asiye na mama yake wala wifi karibu wa kumpikia uji wa pilipili manga na supu ya kuku, anaweza kukaa siku nzima bila kusikia sauti ya mtu mzima. Nimeona wanawake hodari wakinyauka hivyo. Kwa hao nasema wazi: nendeni PMI, kituo cha umma cha afya ya mama na mtoto, huduma zake hazilipiwi, na mwambieni mkunga au muuguzi jinsi mlivyo bila kuficha. Ninyi akina baba, anayetamani nyumbani si mama peke yake, lakini ninyi mnatoka na kurudi. Kwa hiyo mpike.

Hamu ipelekeni kwa watu wazima wenzenu. Wapigieni wazazi Jumapili, mkikumbuka kwamba Nairobi na Dar es Salaam wametutangulia kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, ilhali Bukavu na Lubumbashi wakati wa joto saa zao ni sawa na zetu. Waulizeni mapishi sasa, mama mwenyewe aseme kwa sauti yake binzari ni kiasi gani, mrekodi mkipenda. Waalikeni jirani. Anayeishi Marseille ana Wangazija wengi karibu naye, ambao mkate wa sinia na wali wa nazi wanavijua tangu kuzaliwa. Mwezi wa Ramadhani msifuturu kila nyumba peke yake katika ghorofa lake. Nanyi Wakristo, kaka na dada zenu wa Kongo makanisani hukaa mezani saa nyingi baada ya misa, kaeni nao.

Neno dogo la mizigo, kwa sababu machozi mengi hutoka uwanja wa ndege. Kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hairuhusiwi kuingiza nyama wala vitu vya maziwa, na samli ya bibi imo humo. Maembe bila cheti cha afya ya mimea huchukuliwa. Nazi, mananasi, ndizi na tende hazihitaji cheti, na samaki mkavu wa matumizi ya nyumbani anaruhusiwa hadi kilo 20. Kwa hiyo mwambieni bibi afunge dagaa, samli aibakishe mtakuja kuila hukohuko.

Na mkienda huko wakati wa likizo ya Agosti, msimpeleke mtoto kama mtu anayekwenda kuonyeshwa alichokosa. Kabla ya safari mfundisheni kutengeneza crêpes, zile ambazo huku hupikwa kila tarehe 2 Februari: unga, mayai, maziwa, chumvi chembe, kikaango cha moto. Siku ya pili baada ya kufika, jikoni kwa bibi yake, azipike yeye. Bibi ataziita chapati za maji, atasema zimepungua iliki, atamwonyesha kiasi, na mtoto atamwonyesha bibi namna ya kuigeuza kwa kuirusha. Waacheni wawili hao jikoni, msiingie kutafsiri.

Wenu katika malezi,
Bibi wa Saint-Denis