Saidi, usisaini kabla trekta halijanyanyua jembe

Vingunguti, Dar es Salaam
14 Oktoba

Ndugu yangu Saidi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, watoto wanaendelea na shule, ila joto limeshaanza kubana. Leo ni siku ya Mwalimu Nyerere, gereji tumefunga, ndiyo maana nimepata wasaa wa kukuandikia kwa kirefu. Mambo haya hayatoshi kwenye simu.

Nimefurahi mno kusikia kikundi chenu kimepata mkopo. Misimu yote ile mmepanga foleni kwa trekta la kukodi mpaka mvua inawakuta mashamba hayajaguswa, sasa mtakuwa na la kwenu! Lakini neno ulilolisema mwishoni limeninyima raha: kwamba muuzaji atalipakia hapa Dar, litashushwa Ifakara, na wewe utasaini palepale barabarani dereva wa lori akisubiri. Usikubali, Saidi. Panda basi uje ulikague yadini, na usishike kalamu mpaka umeliona likifanya kazi.

Mkopo wenu uko hivi: benki inamlipa muuzaji ikishapata hati ya makabidhiano yenye saini yenu. Kabla ya saini, yeye ndiye mwenye haja na ninyi. Fundi atatafutwa, spea itatoka stoo, hata trekta lingine litaletwa. Baada ya saini ana hela yake, na ninyi mko zaidi ya kilomita 400 kutoka kwenye karakana yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi nafasi ya kutosha kukagua mali kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Akishaikubali, kwa kawaida kilichobaki ni kudai fidia, kuirudisha hawezi tena. Na nani kati yenu atakuwa na muda wa kudai fidia mpunga unasubiri kupandwa?

Najua wenzako watauliza, jipya linakaguliwa nini? Trekta jipya limesafiri baharini, limekaa bandarini, kisha limekaa yadini miezi mingi juani, kwenye upepo wa chumvi. Mengine huja vipande vipande yakaunganishwa hapa na mafundi wanaokimbizana na msimu. Katika haraka hiyo nati hubaki bila kukazwa, pini husahaulika, waya hubanwa na bodi. Muuzaji makini huwa na fomu ya ukaguzi aliyoijaza fundi wake kabla ya kukabidhi. Iombe. Wakikuambia haipo, anza kukagua kwa macho mawili.

Njoo asubuhi, na uwaambie mapema wasiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini. Ikiwa ya moto, subiri ipoe hata kama ni saa nzima, kwa sababu injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi utaijua ikiwa baridi tu. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Fungua tenki la dizeli, mulika na tochi uone kama kuna kutu chini. Kisha liwashwe, wewe simama upande wa bomba la moshi. Moshi mweusi kidogo anapokanyaga mafuta usikutishe. Wa bluu unaoendelea maana yake injini inakula oili, na mweupe usiokata hata injini ikishapata moto, fundi wao aueleze.

Namba zisome mwenyewe, usisomewe. Ya chasisi na ya injini, kwenye chuma chenyewe, uzilinganishe na profoma (ankara ya awali), ankara na hati ya makabidhiano, tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa itakusumbua kwenye usajili, kwenye bima na siku ya kudai dhamana. Angalia na mita ya saa ambazo injini imefanya kazi: trekta jipya huwa na saa chache tu. Likiwa na nyingi, huenda limekuwa likifanya maonyesho mashambani mwa watu.

Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi ziko mwishoni mwa herufi za DOT. Ukikuta 3222, tairi ilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2022. Pitisha kidole kwenye mizizi ya meno uone kama mpira umeanza kupasuka kwa jua. Upepo nao upimwe, maana tairi nyingi hujazwa kupita kiasi kwa ajili ya safari na hakuna anayekumbuka kuupunguza.

Sasa haidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua jembe. Hapa usimruhusu mtu akuharakishe. Jembe la sahani mnalonunua lifungwe palepale yadini. Utashangaa ni mara ngapi trekta na jembe vinauzwa pamoja na havifungani: mikono ya chini ya trekta inachukua pini za milimita 28, jembe limekuja na za 22, au kinyume chake. Likishafungwa, linyanyuliwe na kushushwa mara kadhaa mpaka oili ipate moto, kisha libaki juu, injini izimwe, na mtu yeyote asipite chini yake. Pima kutoka ardhini hadi kwenye sahani, andika, kaa kivulini nusu saa, upime tena.

Mwaka juzi nilimsindikiza mteja kwenye yadi moja hapa mjini. Jembe lilikuwa limeshuka upana wa kiganja hata chai hatujamaliza. Muuzaji akasema litakaa sawa likishazoea kazi. Nikapangusa vumbi kwenye fimbo ya silinda inayonyanyua jembe, nikapitisha ukucha, ukakwama. Kutu ilikuwa imetoboa vishimo vidogo kwenye kromu, na kila fimbo inapopita inakwangua sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Kitu cha namna hiyo hakizoei kazi, kinaharibika zaidi kila siku. Mteja hakusaini. Silinda ikabadilishwa wiki ileile, bila yeye kutoa hata senti.

Paipu za haidroliki zikiwa na presha usizipapase kwa mkono kutafuta uvujaji. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kuliko la sindano inaweza kupenya ngozi, na mtu akapoteza kidole au mkono mzima. Pitisha kipande cha boksi, utaona kimelowa. Mwambie hivyo na kijana atakayeliendesha.

PTO, ile shafti ya trekta inayozungusha zana, izungushwe pia, na kifuniko chake cha usalama kiwepo, maana shafti hiyo kwa mizunguko 540 kwa dakika ikikamata kanzu au kitenge haimpi mtu nafasi ya kupiga kelele. Breki ni mbili, kanyaga moja moja uone kama zinashika sawa, halafu pamoja. Taa, honi, geji, hayo ni ya dakika tano.

Kasoro yoyote utakayoiona, hata kioo cha taa kilichopasuka, iandike kwenye hati ya makabidhiano, nakala zote, na mwakilishi wao asaini pembeni. Maneno ya "tutakuja kurekebisha hukohuko" nayo waandike, pamoja na tarehe. Piga picha. Usiondoke bila kitabu cha maelekezo na kadi ya dhamana, na uliza ni nani atakayekuja Ifakara kufanya sevisi ya kwanza, ambayo kwa matrekta mengi iko kwenye saa 50 za kazi. Ukiichelewesha wanaweza kukunyima dhamana.

Uliza pia kama aina hiyo imewahi kupimwa na CAMARTEC, kile kituo cha zana za kilimo cha Arusha, na spea zake utazipata wapi. Zile pawatila, trekta ndogo za kusukuma kwa mikono, zilizomwagika enzi za Kilimo Kwanza, baada ya 2009, hukuziona zilizobaki chini ya miembe kwa kukosa spea? Mimi nitapita maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, wiki hii niulizie bei ya vichujio na sili, lakini nahitaji kujua aina yenyewe. Nitumie picha ya profoma, kurasa zote, hata yale maandishi madogo ya mwisho. Siku ya kukagua nitaomba ruhusa kazini, twende pamoja. Njoo na kijana wenu dereva, alale kwetu, chumba kipo.

Nisalimie mama watoto na wanakikundi wote.

Ni mimi ndugu yako,
Juma