Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Besiboli ya Vijana, Moshi, 2024

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mhazini, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazazi na wanachama wenzangu,

Namshukuru Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, 21 Desemba 2024, na nawashukuru ninyi mliofika, hasa wenzetu waliopanda kutoka Dar es Salaam kuja kuhesabiwa, kama tunavyotaniwa tunaorudi nyumbani kwa Krismasi, na bado wakaona vyema kupitia hapa kabla ya kuendelea na safari ya Marangu, Kibosho na Machame. Mkutano huu ulikuwa ufanyike Agosti ukakosa akidi, jambo ambalo nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua, hivyo sitawachosha. Mazoezi yalifanyika kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, isipokuwa wakati wa masika uwanja uliposhikwa na maji na katika wiki za mitihani. Tulikuwa na watoto 48, wakiwemo wasichana 19. Kati ya mipira 36 tuliyoanza nayo imebaki 22, na isingekuwa yule mama mwenye migomba upande wa uwanja wenye besi ya tatu, anayeiokota na kuturudishia ndani ya kikapu cha mboga, ingebaki michache zaidi. Magongo manne yalichongwa na fundi wa hapa hapa mjini kwa mti wa grevilea, na mawili yamekwisha kupasuka. Glavu tumeendelea kuzisaka kwenye mitumba ya soko la Memorial, ambako wauzaji sasa wananifahamu kwa sura na wamepandisha bei.

Naingia katika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililojaza viti hivi leo, yaani uamuzi wangu wa tarehe 4 Septemba wa kuiondoa timu yetu ya watoto wasiozidi miaka 12 katika mashindano ya Dar es Salaam, siku 9 kabla ya safari. Nimeitwa majina mengi kwa uamuzi huo, na baadhi yake nimeyasoma kwenye kundi letu la WhatsApp saa sita usiku. Naomba sasa nisikilizwe.

Waandaaji walitaka kila mchezaji awe na cheti cha kuzaliwa. Barua yao niliisambaza mwezi Mei. Kufikia mwisho wa Agosti, watoto 9 kati ya 14 walikuwa na vyeti na watano hawakuwa navyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka wajibu wa kusajili kizazi juu ya mzazi au mlezi, si juu ya mwenyekiti wa chama cha michezo. Hata hivyo wazazi watatu niliwajazia fomu mwenyewe, ofisini kwangu, bila malipo, na mmoja wao hakurudi kuichukua hadi leo.

Ndipo likaja pendekezo la kutumia viapo vya maandishi badala ya vyeti. Ilisemwa kwamba kwa kuwa mimi ni wakili na Kamishna wa Viapo, yaani mwenye mamlaka ya kuapisha watu na kuthibitisha viapo vyao, ningeandaa viapo vya umri, nikavigonga muhuri na kesi ikaisha. Mzazi mmoja, ambaye simtaji na ambaye namheshimu, alikuja na kadi ya kliniki ya mwanawe. Kadi ilikuwa imeloa siku nyingi zilizopita na kukauka, na katika mwaka wa kuzaliwa, 2012, ile 2 ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwa wino wa bluu juu ya tarakimu nyingine ya wino mweusi, yenye umbo la duara. Niliisogeza karibu na dirisha. Yeye hakukaa, alisimama mlangoni akaniambia, “Mheshimiwa wakili, mtoto unamjua, na muhuri unao mezani.” Mtoto kweli namjua, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kurusha. Kwa sababu hiyo hiyo muhuri ule haukuwa wangu kuutumia: sheria inayotuongoza sisi makamishna wa viapo, Sura ya 12, katika kifungu cha 7, inamkataza kamishna kutumia mamlaka yake katika jambo ambalo yeye mwenyewe ana maslahi nalo. Mwenyekiti wa timu anayetaka timu yake icheze ana maslahi, hata kama hapati senti.

Waliosema kwamba Dar es Salaam si Marekani, na kwamba hakuna ambaye angekagua karatasi, nawakumbusha majirani zetu. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilikuwa ya kwanza Afrika kufuzu kwa fainali za dunia za Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto, zinazochezwa kule Williamsport, Pennsylvania, na haikwenda. Ilinyimwa viza kwa sababu umri na tarehe za kuzaliwa katika nyaraka zake havikuoana. Watoto walikuwa wameshinda uwanjani, wakashindwa mezani. Mwaka uliofuata Uganda ilipeleka timu nyingine, kutoka Lugazi, na hiyo ilifika na kucheza. Tukizoea kupitisha kadi zilizofutwa hapa nyumbani, siku ya viza hatutakuwa na la kusema.

Hoja yenye uzito ilikuwa nyingine: kwamba watoto 9 wenye vyeti wanatosha, kwa kuwa besiboli inachezwa na watu 9. Aliyeitoa anaujua mchezo, na nilikaa nayo usiku mzima. Lakini ratiba ilikuwa na michezo mitatu ndani ya siku mbili, na kwa kanuni za Little League tunazozifuata, mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuvuka mirusho 85, yaani mipira anayomrushia mpigaji, kwa siku, na akifikisha 66 au zaidi anapaswa kupumzika siku nne. Warushaji wetu wanaotegemewa ni watatu, na mmoja alikuwa miongoni mwa wale watano. Tungebaki na wawili kwa michezo mitatu, bila mchezaji wa akiba hata mmoja. Kiwiko cha mtoto hakina kipuri.

Nakiri kwamba tangazo langu lilitoka kwa kuchelewa, na kwamba shilingi 180,000 za nauli hazikurudishwa na wenye basi. Nakiri pia kwamba watoto tisa waliokuwa na vyeti vyao waliadhibiwa kwa uzembe usiokuwa wao, na wawili kati yao hawajarudi mazoezini. Hilo linaniuma kuliko yote yaliyoandikwa juu yangu. Lakini uamuzi wenyewe ningeutoa tena.

Kuhusu fedha, wanachama ni 62 na ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 17, waliolipa nusu ni 9, na 36 hawajalipa chochote. Badala ya shilingi 1,860,000 tumekusanya 645,000, na deni linalobaki ni 1,215,000. Pamoja na michango ya wafadhili mapato yote yalikuwa 4,385,000 na matumizi 4,610,000. Sikukusudia kuutaja mchango wangu binafsi, ila kwa ajili ya kumbukumbu pengo la 225,000 nililiziba mimi, mbali na mafuta ya gari.

Mkutano wa Agosti ulihudhuriwa na wanachama 11, wakati katiba yetu inataka theluthi moja, yaani 21. Tulikaa hadi saa nane mchana tukiangalia lango. Katika hao 11 hakuwepo hata mmoja wa wale ambao wiki tatu baadaye walidai kwamba mwenyekiti anaamua peke yake. Nimekuwa wakili mjini hapa kwa miaka 19, na kwa miaka 8 ofisi yangu imekuwa ikifungwa saa tisa kila Jumanne na Alhamisi. Mteja mmoja alipata kuniuliza kama magongo yaliyoegemea kabati la majalada ni vielelezo vya kesi. Wateja wengine hawakuuliza, walihama tu. Silalamiki, ila niliona vyema mfahamu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata eneo letu wenyewe, kwa kuwa tunapoazima uwanja, wenzetu wa mpira wa miguu hutangulia. Mazungumzo yapo. Tunatamani pia siku moja watoto wetu wacheze kwenye ule uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani katika Shule ya Sekondari Azania. Vyeti vya kuzaliwa vitakusanywa na Katibu kuanzia Januari, nakala halisi, na si picha za simu.

Mhazini atakuwa kwenye meza ya mlangoni hadi saa kumi, na kitabu cha stakabadhi anacho.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti