Geti la milioni juu ya bomba la inchi sita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wanaonunua viwanja vya ufukweni na pembezoni mwa mji wetu wa Mtwara: Shangani, Mikindani na kule mji unakotanuka kuelekea Naliendele. Joto la biashara ya gesi asilia la miaka ya 2010 lilipandisha bei za viwanja, kisha likapoa, lakini nyumba za hadhi hazikuacha kuota. Nyingi zinapendeza kwa macho. Ukikaa na hesabu ya ujenzi, hata hivyo, unakuta fedha imeishia kwenye geti, ukuta, marumaru na taa za bustani, halafu karo la majitaka, mtaro wa mvua na ubora wa zege vimegawana kilichobaki. Miaka michache baadaye mwenye nyumba analaumu fundi, na fundi analaumu chumvi ya bahari.

Nianze na majitaka, maana ndiyo yanayovunja ujirani mapema. Familia ya watu sita yenye mabafu matatu na mashine ya kufulia hutumia lita 120 hadi 150 kwa kila mtu kwa siku. Tuseme lita 850 kwa nyumba. Maji hayo yanapaswa kutulia karoni kama siku tatu ili uchafu mzito uzame na mafuta yaelee juu, yaani lita 2,550. Ongeza nafasi ya tope: mtu mmoja huacha karibu lita 40 kwa mwaka, kwa hiyo watu sita kwa miaka mitatu ni lita 720. Ukijenga karo la lita 4,500 umejipa nafasi ya wageni wa sikukuu. Vipimo vya ndani ni urefu mita 3, upana mita 1.2, kina cha maji mita 1.25. Ligawe kwa ukuta: chumba cha kwanza mita 2, cha pili mita 1.

Kinachosahaulika ni kipande cha T cha bomba la inchi 4 kwenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mguu wa T ya kutokea uzame sentimita 30 hadi 40 chini ya usawa wa maji. Bila T hiyo, utando wa mafuta unaoelea unatoka moja kwa moja kwenda kwenye shimo la kunyonyea (linalopokea maji ya karo na kuyazamisha ardhini), unaziba matundu ya udongo, na shimo "linajaa" hata kama karo lenyewe halijajaa. Watu huita gari la kunyonya, linanyonya, na baada ya wiki mbili maji yamerudi bafuni. Tatizo halikuwa ujazo. Na gari lenyewe lisisahaulike: karo likiwekwa nyuma ya nyumba, na ukuta umezunguka pande zote, mpira wa gari haulifikii. Weka karo upande wa barabara, na kifuniko kisifukiwe chini ya vitofali vya pevingi.

Kabla ya kuchimba shimo la kunyonyea, pima udongo. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30 kwenye kina ambacho majitaka yatatoka kuingia ardhini, kijaze maji, kiache kilowe usiku kucha, kijaze tena asubuhi na uhesabu dakika ambazo maji hutumia kushuka sentimita 2.5. Zikizidi 60, udongo haunyonyi vya kutosha. Yakishuka chini ya dakika moja, hiyo si habari njema kama mafundi wengine wanavyodhani: ufukweni kwetu chini kuna mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na majitaka hupita humo bila kuchujwa. Kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini yanapokuwa yamepanda kabisa, kwa hiyo chungulia visima vya jirani mwezi Machi au Aprili, usivichungulie Septemba. Nafasi hiyo ikikosekana, achana na shimo refu. Tandaza kokoto kwenye mifereji mifupi ya kina kidogo yenye mabomba ya matundu.

Umbali wa shimo kutoka kisimani uwe mita 30, na hapa pana jambo ambalo karibu kila mwenye kiwanja hulipuuza. Kisima kinachohusika si chako peke yako. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, shimo lako likiwa kwenye kona linaweza kuwa mita nne tu kutoka kisima cha jirani, ng'ambo ya ukuta. Ukuta unazuia wezi na macho ya watu, maji ya ardhini hauyazuii.

Sasa mvua. Kusini tuna msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kwa mwaka tunapata takriban milimita 1,000. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 250 na ua wa pevingi wa mita 500, mvua ya milimita 50 ya siku moja ikinyesha, vinapokea lita 37,500. Kiwanja hicho kilipokuwa na mchanga na mikorosho, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama palepale. Sasa yanatoka nje, tena kwa kasi, kwa sababu mwenye nyumba amejaza kifusi hadi kiwanja kikawa juu kuliko barabara. Maji yanaenda kwa aliyejenga kabla yake, ambaye naye msimu ujao ataleta kifusi. Mashindano hayo mshindi wake hajulikani, lakini aliyeshindwa ni barabara.

Hapo ndipo geti linapoingia. Mtaro wa mtaa una upana wa sentimita 60 na kina cha 60. Mwenye nyumba anaufukia mbele ya geti na kupitisha bomba la inchi 6 chini yake. Eneo la mtaro ni mita za mraba 0.36, la bomba hilo ni chini ya 0.02. Umeubana mtaro mara 20, kisha mfuko mmoja wa plastiki unamalizia kazi. Geti limegharimu mamilioni, kalavati lake halifiki hata laki mbili, na mvua ya kwanza kubwa inapita juu ya yote mawili. Kalavati la geti liwe bomba la zege la milimita 600, au mtaro uendelee wazi na kufunikwa kwa vipande vya zege vinavyoinuliwa na watu wawili ili uzibuliwe. Ndani ya kiwanja acha ukanda wa udongo wa mita mbili kuuzunguka ukuta, panda nyasi au maua. Paa lifungwe gata zinazoingia kwenye tanki: mvua ile ya milimita 50 inatoa lita 12,500 kwenye paa pekee, simtanki la lita 10,000 linajaa kwa siku moja. Maji ya dakika za kwanza yamwagwe, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Chumvi nayo ina taratibu zake. Nondo ikipata kutu huvimba na kuwa na ujazo mkubwa mara kadhaa kuliko chuma cha awali, ndiyo maana nguzo za veranda zinapasuka kwa mstari ulionyooka kufuata nondo. Kinga ni zege zito lisilopitisha maji, na unene wa kutosha kati ya hewa na chuma. Bara fundi huacha sentimita 2.5, ufukweni acha 5. Kipimo kianzie kwenye ringi (vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo), siyo kwenye nondo kuu, kwa kuwa ringi ndiyo iliyo karibu zaidi na nje. Biskuti za zege za kushikilia nondo ziwe za unene huo huo. Vipande vya mawe au vya mbao vinavyochomekwa saa ya kumimina havisaidii, na mbao inaoza humo humo ndani na kuacha njia ya maji.

Kwa nguzo na mikanda, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 uende na ndoo mbili na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo tano za kokoto, maji yasizidi lita 25. Fundi atalalamika kwamba zege ni kavu. Mwache alalamike, mpe vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikane. Mchanga wa baharini usikanyage eneo la kazi hata kwa kuchanganya kidogo, na maji ya kisima chenye ladha ya chumvi yasitumike kuchanganya wala kumwagilia. Mwagilia siku 7 kwa uchache. 14 ni bora zaidi. Ukienda Mikindani utaona majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa ambayo yamesimama miaka mingi mno. Boma la Wajerumani ni la 1895. Kuta hizo hazikuwa na chuma ndani cha kuliwa na kutu. Sisi tunaoweka chuma ndio tunaodaiwa uangalifu.

Bati nitalipita haraka. Chukua geji 28 badala ya 30 (namba ndogo ndiyo bati nene), kata kwa mkasi na kamwe si kwa grainda, kwa sababu cheche zake huchoma rangi na kupandikiza chembe za chuma zinazoanza kutu baada ya wiki chache. Mashine ya nje ya kiyoyozi isielekezwe upande unaopigwa na kusi, upepo utokao kusini.

Kuhusu sheria, anayekuuzia kiwanja cha "kugusa maji" anakuuzia matatizo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, omba uone mchoro wa mipango miji, siyo hati peke yake, kisha nenda na mpima mkatafute bikoni zote, yaani alama za mipaka. Kwenye mchoro tazama eneo la wazi na njia ya maji vilivyo jirani na kiwanja chako. Vikiwa vimeshauzwa na kujengewa, maji yake yatatafuta njia nyingine, na huenda ikawa sebuleni kwako.

Ombi langu kwa manispaa ni dogo. Kibali cha ujenzi kisitolewe bila mchoro wa karo, wa shimo la kunyonyea na wa kalavati la geti, na mkaguzi afike kuangalia kabla karo halijafunikwa, kwa sababu likishafunikwa hakuna atakayejua kama T ilifungwa. Serikali za mitaa nazo zitangaze zamu ya kuzibua mitaro mwezi Oktoba, kila nyumba mbele ya geti lake, mvua zikiwa bado hazijaanza.

Mkandarasi wa majengo,
Mtwara