Barua ya wazi kwa vijana wa seva Mwanza: msiliachie gunia

Wanangu mnaosimamia seva na kuandika programu hapa Mwanza,

Salamu. Nimewasikia mkijadili namna ya kuziba tundu la usalama katika kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi, pale nyuzi mbili za programu, yaani mikondo miwili ya kazi inayoendeshwa sambamba, zinapowania data ileile, na mmoja wenu akapendekeza kuongeza ucheleweshaji wa milisekunde chache ili zisikutane. Hilo sikubaliani nalo.

Nendeni mwaloni Kirumba, kwenye soko letu la samaki, alfajiri. Mnunuzi hukagua gunia la dagaa, hugeuka kuhesabu fedha, na akigeuka tu gunia laweza kubadilishwa, akalipia asichokikagua. Kuhesabu upesi hakumwokoi. Kinachomwokoa ni kutoliachia gunia tangu ukaguzi hadi malipo. Ndiyo kazi ya kufuli katika kerneli: kuuzuia uzi mwingine usiiguse data mpaka wa kwanza umalize.

Lakini kufuli si jibu la kila mahali. Chukueni Dirty COW, kasoro ya kerneli ya mfumo endeshi wa Linux, iliyotangazwa Oktoba 2016. Uzi mmoja uliomba kuandika kwenye faili la kusomwa tu. Linux ikautengenezea nakala ya faragha ya ukurasa wa kumbukumbu, yaani kipande cha kumbukumbu kilichobeba data ya faili, kisha ikaiondoa alama ya kuandika katika ombi, ikiamini kwamba nakala ipo. Uzi wa pili ukaitupa nakala hiyo, ombi likakabidhiwa ukurasa wa asili, na maandishi yakaingia katika faili lenyewe. Kwa njia hiyo mtumiaji wa kawaida aliweza kujipatia mamlaka ya mtumiaji mkuu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikiri kwamba alikwisha kujaribu kuirekebisha miaka 11 kabla, tena vibaya. Safari hii alama ya kuandika ilibakizwa, ikaongezwa nyingine ya kuonyesha kwamba nakala imetengenezwa, na kerneli ikalazimika kuuthibitisha ukurasa wenyewe. Hata hivyo, mwaka 2017 ikabainika kwamba kwa kurasa kubwa za kumbukumbu rekebisho hilo lilikuwa na pengo, kwa hiyo fuateni kila njia inayofika kwenye data, hata ile isiyotumika sana.

Jaribio lililofaulu mara elfu halithibitishi kitu hapa. Tumieni KCSAN, zana ya ukaguzi iliyoingizwa katika Linux 5.8 mwaka 2020, inayonasa nyuzi zikigusa data ileile bila mpangilio. Na mkishaweka kerneli mpya kwa njia ya kawaida, washeni seva upya usiku huohuo, kwa maana ile ya zamani huendelea kufanya kazi mpaka mtakapofanya hivyo.

Mzee wenu,
Kirumba